Mtungi au mfuko? Vifaa viwili vya kutunza insulini pasipo friji

Anayechoma insulini, dawa ya kisukari, huulizwa mapema kama nyumbani kuna friji. Swali lenyewe halina ubaya, ila limewafunga watu wengi: harusi ya Kondoa haiendeki na msimu wa shamba la mbali unapita, kwa hofu ya kichupa kuharibika. Vifaa viwili huiondoa hofu hiyo bila umeme, yaani mtungi pacha wenye mchanga na mfuko wa kitambaa wenye chembe zinazofyonza maji. Vyote viwili ni vizuri, lakini si kila mahali.

Kichupa kisichofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kikishafunguliwa, insulini nyingi huvumilia wiki 4 hivi nje ya friji, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30. Karatasi iliyomo kwenye boksi ndiyo inayosema ipi ni ipi. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na joto lililopimwa Dagahaley, katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa wiki 4 kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Hiyo haina maana kwamba kichupa kiachwe dirishani juani. Maana yake ni kwamba mtungi unaoshusha joto kwa nyuzi chache tu tayari unafanya kazi kubwa.

Mtungi pacha ni mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, kukiwa na nafasi ya sentimita 3 hadi 5 pande zote. Nafasi hiyo hujazwa mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa pwani usitumike, kwani chumvi huziba vitundu vya udongo, na mtungi usiotoa jasho haupozi kitu. Kwa sababu hiyohiyo usinunue uliopakwa rangi au vanishi, hata ukipendeza vipi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji maji kidogo, uyamwage ubavuni: yakinywewa haraka, chukua, yakiteleza kama kwenye sahani, urudishe.

Loweka mitungi yote miwili usiku kucha, panga, kisha mwagia mchanga maji asubuhi na jioni hadi ulowe bila kuelea. Uweke kivulini penye upepo, juu ya mawe matatu au kigoda ili hewa ipite chini pia. Funika kwa kitambaa kibichi. Insulini yenyewe ikae kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, kwa sababu ndani huwa na unyevu na lebo hubanduka. Siku mbili za mwanzo weka kipimajoto peke yake, ukisome saa nane mchana, ndipo uukabidhi dawa. Kosa la kawaida kabisa ni kuuficha mtungi kabatini ili watoto wasiuguse. Humo hakuna upepo, na joto halishuki.

Pwani mambo hubadilika. Mtungi hupoza kwa maji kugeuka mvuke, na hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 40, kama mchana wa kiangazi Dodoma, inaweza kushushwa hadi karibu nyuzi 20. Ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, hali ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa, haishuki chini ya nyuzi 27 hata ufanyeje. Unaweza kupima mwenyewe: funga ncha ya kipimajoto kwa kitambaa kibichi, pepea mpaka namba itulie. Hapo ndipo mwisho wa mtungi wowote. Ikitulia juu ya 26, fedha ya mtungi ni afadhali ununulie kipimajoto kizuri na kutafuta pembe yenye baridi nyumbani.

Mfuko, kama ule wa chapa ya Frio, hutumia kanuni ileile, ila ni wa safarini. Huloweshwa kwa maji baridi dakika 5 hadi 15 kulingana na ukubwa. Ukiuzidisha maji, chembe huvimba hadi kalamu ya insulini haiingii. Ufute, kisha uuache upate hewa; ukiutia ndani ya mfuko wa plastiki umeuua. Ukirudi, uanike hadi ukauke kabisa, la sivyo utaota ukungu. Bei yake si ya kila mtu, lakini hutumika tena na tena.

Chupa ya chai yenye barafu hatuipendekezi. Insulini iliyoganda imekufa, na ikiyeyuka huwezi kuiamini hata ikionekana safi. Ndiyo sababu hata kwenye friji haikai karibu na sehemu ya barafu. Insulini ya aina nyeupe kama maziwa ikibaki na mabonge baada ya kuviringishwa viganjani mara 10, au ile angavu ikiingia ukungu, itupwe.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000; anayetumia 40 kwa siku hukimaliza kwa siku 25. Mtoto wa yuniti 12 kwa siku atakitupa wiki 4 zikiisha, kikiwa na zaidi ya nusu. Yeye anafaa kalamu ya yuniti 300: akichoma mara mbili kwa siku na kumwaga yuniti 2 kila mara ili kutoa hewa, humaliza kwa siku 18 hivi.

Wanaoishi na mgonjwa wana kazi moja yenye faida kuliko kumhesabia vitumbua sahanini: zamu ya kumwagia mtungi maji, na kuandika tarehe ya kufungua kwenye kichupa. Safarini, mfuko ukae mwilini au kwenye mkoba wa mkononi. Buti ya basi huchemka, na mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda.