Diploma ya IB: nzito, lakini ningemwandikisha tena

Mzazi mwenzangu unayepima kama mtoto aingie Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari), mimi nasema aingie, mradi awe anapenda kusoma hata pasipo mtihani. Ni masomo sita kwa miaka miwili, kila somo lina alama 7. Nyongeza ya alama 3 inatoka kwenye insha ndefu na somo la nadharia ya maarifa. Jumla 45.

Binti yangu alichukua historia, biolojia na kemia kwa ngazi ya juu. Lakini kilichomkomaza hasa ni ile insha ndefu: utafiti wake mwenyewe, usiozidi maneno 4,000, juu ya swali alilolichagua yeye. Swali lake la kwanza lilikuwa pana mno, msimamizi akamrudisha. La pili pia. Lilipokaa sawa, nilimsikia mezani akimbishia baba yake kwa ushahidi, kwa utulivu, akitaja chanzo chake kilikuwa na upungufu gani. Kwangu mimi hilo ni elimu.

Msizipuuze shughuli za ubunifu, mazoezi na huduma kwa jamii. Hazina alama, ila asiyezikamilisha hapewi diploma.

Kilichoniudhi ni mpangilio wa shule yake: kazi za masomo karibu yote zilitakiwa kwa mpigo mmoja, mtoto akakosa usingizi. Kabla ya kusaini fomu, mwombeni mratibu kalenda nzima ya kukabidhi kazi.