Westminster: kusaka habari au kuandika tashtiti?

Mwandishi wa siasa wa gazeti la Uingereza, akishafika Westminster, yaani makao ya Bunge la Uingereza, hukuta njia mbili ambazo kwa mbali hufanana. Ya kwanza ni kuwa mwandishi wa lobi, jina lililotokana na ukumbi wa nje wanamopita wabunge, ambamo tangu miaka ya 1880 waandishi walioidhinishwa wameruhusiwa kusimama na kuzungumza nao. Kazi yake ni kunong'onezwa: taarifa za msemaji wa Waziri Mkuu, simu za usiku, chakula cha mchana na mbunge mwenye kinyongo, kisha habari inayotoka bila jina la aliyeitoa. Hapo ndipo penye uzito na hatari pia, kwa maana anayemtegemea waziri kwa habari za kesho huona tabu kumwandika vibaya leo.

Ya pili ni tashtiti ya Bunge, yaani makala ya kejeli kuhusu yanayotokea bungeni, aliyoiandikia Simon Hoggart gazeti la The Guardian kwa takriban miaka 20 kuanzia 1993. Mwandishi wa tashtiti hahitaji siri, anahitaji macho. Jumatano saa sita mchana, Waziri Mkuu anapojibu maswali, huketi kwenye roshani iliyo juu ya kiti cha Spika (mahali pa ajabu kidogo, kwani Spika mwenyewe haonekani) akitazama nani ameinamia simu na nani amecheka kabla mzaha haujaisha.

Kwa kijana ningechagua lobi kwanza. Tashtiti humfaa aliyekwisha kuwazoea wanasiasa kiasi cha kutowaogopa.