Dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni: nzuri ila haina haraka

Wakuu wa Tabora mnaoamka pua zimeziba kiangazi chote mpaka mvua za kwanza, hii inawahusu. Nimeitumia msimu huu, na vumbi la njia ya Kwihara mnalijua bodaboda ikikutangulia, kiukweli naipa nyota nne.

Wengi wanaiponda sababu wanapuliza asubuhi wanategemea saa nne pua iwe wazi, jioni wanaitupa. Haiendi hivyo. Mwenye aleji akivuta chavua au vumbi lenye utitiri, chembe za kinga kwenye utando wa pua zinatoa protini ndogondogo za kupeana taarifa, zinaitwa saitokaini, na hizo ndo zinaamua pua ifanye nini: intalukini 4 inasukuma mwili utengeneze kingamwili za aleji, 13 inaagiza kamasi ziongezwe, 5 inaita chembe nyeupe za eosinofili zinazokuja kuvimbisha utando, afu zikishafika nazo zinatoa saitokaini zake, yaani kikao hakiishi. Vidonge vya Piriton vinazuia histamini tu, ile kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho, ndo maana hivyo vinapoa ila kuziba kunabaki (na usingizi juu). Flutikasoni inaingia ndani ya chembe inapunguza utengenezaji wa hizo taarifa zenyewe, sasa utando ulioshavimba hauwezi kunywea kwa mpulizo mmoja, inataka upulize kila siku, nafuu inakuja kidogokidogo na nguvu yake yote unaweza kuisubiri hata wiki mbili.

Duka moja hapa mjini nilitaka hii nikapewa matone ya kuzibua eti ni kitu kile kile. Wapi! Yale yanabana mishipa ya damu, pua inafunguka dakika hiyo hiyo lakini saitokaini hayana habari nazo, na ukiyazoea zaidi ya siku chache pua inaziba kuliko mwanzo.

Nyota moja nimeikata kwa bei, imechangamka, na harufu yake kama marashi ya waridi, ikishuka kooni inakera. Pia ukielekeza ncha kwenye ukuta wa katikati ya pua unaweza kutoka damu, kwa hiyo tundu la kulia pulizia kwa mkono wa kushoto, la kushoto kwa wa kulia, na usivute kwa nguvu. Kichupa changu kina mipulizo 120 ya mikrogramu 50, kikiwa kipya tikisa ubonyeze hewani mpaka ukungu utoke sawasawa. Ya mtoto muulize daktari kwanza, dozi yake siyo ya mtu mzima.