Tathmini: Kuhamisha seva kutoka Dsv2 ya Azure kabla ya Mei 2028

Microsoft imetangaza kwamba tarehe 1 Mei 2028 itastaafisha seva pepe (kompyuta za kukodi zinazoendeshwa kwa programu) za mifululizo, yaani familia za ukubwa, ya D, Ds, Dv2, Dsv2 na Ls katika huduma yake ya wingu ya Azure, na kwamba tarehe 15 Novemba mwaka huohuo zitafuata F, Fsv2, Av2, B na nyingine kadhaa. Seva itakayokutwa bado kwenye mifululizo hiyo itazimwa na kupoteza nafasi yake kwenye mtambo. Ninasimamia seva sita za msambazaji wa dawa wa jumla jijini Dar es Salaam, zote zikiwa katika kituo cha Azure cha Johannesburg kilichofunguliwa Machi 2019, na nimeona ni heri kuhama mapema, wakati bado kuna nafasi ya kujaribu na kurudi nyuma, kuliko kuhama tarehe ikiwa imeshabisha hodi.

Tendo lenyewe la kubadilisha ukubwa wa seva ninalisifu bila kusita. Unaizima seva, unachagua ukubwa mpya, unaiwasha, na diski zake za kudumu, mipangilio ya mtandao pamoja na anwani ya IP iliyofungwa, yaani isiyobadilika, vinabaki vilevile. Anayetumia bado anwani ya umma isiyofungwa ya aina ya Basic, iliyostaafishwa Septemba 2025, aifunge kwanza, kwa sababu seva ikizimwa kabisa anwani hiyo huachiliwa. Inafaa pia kuomba mapema kikomo cha prosesa (idadi ya juu unayoruhusiwa kutumia) cha mfululizo mpya, kwa kuwa kila mfululizo una kikomo chake katika kila kituo, na kikomo cha zamani hakihamii kwenye mfululizo mwingine.

Ugumu wa kazi hii umo katika kuchagua ukubwa unaolingana na ule unaouacha, na hapo ndipo majina yanapoweza kumpotosha hata mtu makini. Seva yetu ya hifadhidata ilikuwa DS3_v2, yenye prosesa pepe nne na kumbukumbu ya GiB 14. Mrithi wake anayeonekana wazi ni D4s_v5, yenye prosesa pepe nne vilevile na GiB 16, kwa hiyo msomaji wa haraka ataona kwamba anapanda daraja. Lakini katika Dsv2 kila prosesa pepe ni kiini kizima cha prosesa, ilhali kuanzia mfululizo wa v3 wa mwaka 2017 kiini kimoja hugawanywa nyuzi mbili na kila uzi ukahesabiwa kuwa prosesa pepe. Nne za D4s_v5, kwa hiyo, ni viini viwili. Ni kweli kwamba viini hivyo ni vya Xeon, prosesa za Intel, za kizazi cha Ice Lake au cha baadaye, vyenye kasi kubwa kuliko vile vya kizazi cha zamani cha Haswell ambavyo seva nyingi za Dsv2 zilianza navyo, na kwa tovuti au programu ya ofisi tofauti hiyo inaweza isionekane kabisa.

Kwenye diski tofauti inaonekana waziwazi. DS3_v2 inaruhusu maombi 12,800 ya kusoma na kuandika kwa sekunde bila kutumia akiba ya muda (cache), na diski 16 za data. D4s_v5 inaruhusu 6,400 na diski nane. Hifadhidata inayopokea oda za maduka ya dawa asubuhi nzima inasubiri diski muda mrefu kuliko inavyosubiri prosesa, na kuikatia njia hiyo nusu nzima ni jambo ambalo watumiaji watalihisi kabla ya mhandisi. Ili kurudisha 12,800 inabidi kupanda hadi D8s_v5, ambayo pia ina viini halisi vinne kama ile ya zamani. Hapo, hata hivyo, leseni ya SQL Server, programu yetu ya hifadhidata, inayohesabiwa kwa prosesa pepe, inaongezeka maradufu, na kwa biashara ya ukubwa wetu leseni ni mzigo mzito kuliko seva yenyewe.

Jambo la pili linahusu diski ya muda, ile iliyo ndani ya mtambo na ambayo data yake hupotea seva ikizimwa kabisa. Dsv2 zote zinayo, D4s_v5 na D8s_v5 hazina, na kwa seva za Windows, Azure haikubali kuihamisha seva moja kwa moja kutoka aina moja kwenda nyingine. Inabidi kuhamisha faili ya kumbukumbu pepe hadi diski C, kupiga picha ya diski ya mfumo, kisha kujenga seva mpya kutokana na picha hiyo. Kwetu tempdb, hifadhidata ya kazi za muda ya SQL Server, ilikuwa kwenye diski D, ambayo ndiyo diski ya muda, jambo ambalo ni la kawaida na sahihi, na bila diski hiyo SQL Server isingewaka.

Tulichochagua mwishowe ni E8-4ds_v5. Ina kumbukumbu ya GiB 64, diski ya muda, maombi yale 12,800 kwa sekunde, na prosesa pepe zake nane zimezuiliwa kuwa nne ili leseni ibaki ya nne. Bei ya seva ni ileile ya E8ds_v5 kamili, na nadhani ni haki kwa hifadhidata. Kwa kazi nyingine ingekuwa hasara.

Mfululizo wa v6 ni wa haraka zaidi, lakini unataka diski zinazounganishwa kwa NVMe, njia mpya ya kuwasiliana na diski, na seva za kizazi cha pili cha Azure, na picha za mfumo tulizojengea seva zetu mwaka 2019 ni za kizazi cha kwanza. Seva zenye prosesa za aina ya Arm sikuzigusa, kwa sababu programu ya hesabu ya mteja inakuja ikiwa imejengwa kwa x86 pekee, yaani prosesa za aina ya Intel na AMD.

Seva tano nyingine, za faili, za tovuti na za majaribio, zimehamia Ddsv5, ambayo ni D ya v5 yenye diski ya muda, kwa idadi ileile ya prosesa pepe, na kabla ya kugusa yoyote nilisoma vipimo vya diski vya mwezi mzima, pamoja na siku za mwisho wa mwezi ambapo maduka yote huhesabu mali.