TAHADHARI: Wauza chujio wanaopita bonde la Luiche na "kipimo" cha vyuma kwenye glasi

Ndugu zangu wa Kigoma, hasa tulioko vijiji vya bonde la mto Luiche na kushuka mpaka Ujiji, someni hili lote na mumwambie na jirani asiye na simu. Kuna vijana wawili wanazunguka kwa pikipiki, wamevaa makoti meupe na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, wanajiita wapima maji. Wanasema wametumwa kutoka mkoani. Nimemuuliza mtendaji wa kijiji chetu: hawakuripoti ofisini kwake, wala hawana barua.

Wanavyofanya ni hivi. Wanakuomba maji yako ya kunywa, yale yale ya mtungini, wanayatia kwenye glasi. Glasi ya pili wanatia maji waliyokuja nayo kwenye chupa. Kisha wanatoa kidude chenye vyuma vya kutumbukiza kwenye glasi zote mbili, wanakichomeka kwenye umeme. Muda si mrefu maji yako yanageuka rangi ya kutu, yanajaa mashapo mazito ya kutisha. Ya kwao yanabaki meupe. Mama mwenye nyumba ameshika mdomo, watoto wamekodoa macho, ndipo kijana anasema: "Mama, hivi ndivyo vijidudu vya kipindupindu na taifodi unavyowanywesha wanao." Chujio linatolewa kwenye begi hapo hapo. Shilingi 185,000, kianzio 60,000 kwa simu, na maneno matamu kwamba ukishalifunga hutachemsha maji tena.

Mimi nafundisha kemia sekondari, na hili nalisema kwa uhakika: ule uchafu haukuwa kwenye maji yenu. Umetoka kwenye vyuma vyao. Umeme ukipita kwenye maji yenye madini, chuma kinalika na kuachia kutu, na kutu ndiyo hiyo mnayoonyeshwa. Maji ya kisima, ya bomba na ya ziwa yote yana madini yaliyoyeyuka, kwa hiyo yanapitisha umeme. Waliyobeba wao yameondolewa madini, umeme haupiti vizuri, chuma hakiliki. Hapo hakuna kijidudu hata kimoja kilichopimwa.

Tumelifanya jambo hili maabara ya shule mbele ya wazazi, kwa misumari miwili na betri ya pikipiki. Maji ya kisima yaligeuka rangi. Maji ya kisima hicho hicho yaliyochemshwa mpaka yakatokota yaligeuka vile vile, maana kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi madini yote. Maji safi ya kuongezea kwenye betri, yale yasiyo na asidi, yalibaki meupe. Tukatia chumvi ya Uvinza kidogo tu, nayo yakageuka. Halafu mzazi mmoja akaleta chujio alilouziwa. Tukapitisha maji ndani yake, tukatumbukiza misumari. Yakageuka! Chujio lao lenyewe halifaulu kipimo chao wenyewe. Tulipolifungua tukakuta mkaa, mchanga na sponji. (Tafadhali sana, mtu asijaribu haya nyumbani kwa umeme wa ukutani. Unaua.)

Mmoja wao pia ana kidude kama kalamu kinachoonyesha namba. Hicho ni kifaa halali, ila kinapima wingi wa madini yaliyoyeyuka, si vijidudu. Maji ya Ziwa Tanganyika kwa asili yana madini mengi, yatasoma mia tatu na zaidi hata yakiwa hayana mdudu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa namba hiyo. Linazungumzia ladha tu, kwamba chini ya miligramu 600 kwa lita maji huwa na ladha nzuri. Na maji yaliyoingiwa na kinyesi yanaweza kusoma namba ndogo kabisa.

Fedha zinauma. Kuna watu waliuza mpunga ili watoe kianzio, hawajaletewa chochote, na ile namba ya simu haipatikani tena. Ila kinachoninyima usingizi ni kwamba walioletewa wameacha kuchemsha. Jirani yangu ana mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na alikuwa anampa maji yaliyopita kwenye ule mkaa na mchanga. Namwelewa. Kuni ziko mbali, mkaa ni ghali, na mtu aliyevaa koti jeupe amekuhakikishia. Lakini sisi ndio mkoa ambao mwezi Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga kwa wakimbizi waliotoka Burundi, na wenyeji nao wakaugua. Hatuwezi kucheza na maji ya kunywa.

Kipimo cha kweli cha vijidudu hakitoi jibu ukiwa umesimama hapo. Sampuli huchukuliwa kwenye chupa iliyotakaswa, huwekwa kwenye ubaridi, hufikishwa maabara mapema, kisha huachwa kwenye joto maalumu kwa takriban siku nzima ili bakteria waote wahesabiwe. Yanayofaa kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa kinyesi waitwao E. coli hata mmoja katika mililita 100. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapa Kigoma mjini. Mkiwa na shaka na kisima au bomba la kijiji, pitieni kamati ya maji au RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani, waombeni wapime.

Nyumbani endeleeni na yale mliyokuwa mkifanya. Masika haya mto umechafuka, acheni maji yatuame, yachujeni kwa kitambaa safi, ndipo mchemshe mpaka yatokote. Anayetumia vidonge vya WaterGuard afuate maelekezo ya pakiti na asubiri dakika 30. Asitie kwenye maji ya tope, dawa inaishia kwenye tope. Asiye na kuni wala vidonge ajaze maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, azilaze juani kwa muda wa saa 6, na mawingu yakitanda aziache siku 2 mfululizo.

Mliokwisha kutuma fedha, msifute ujumbe wa muamala. Pelekeni namba na risiti kwa mtendaji na kituo cha polisi, na chujio msilitupe, ni ushahidi. Mara ya mwisho walionekana wakielekea njia ya Kasulu. Wakifika kwenu waulizeni barua ya halmashauri, mpigieni mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji waje wakiwa bado wapo. Na nawaombeni sana, msiwapige. Wakamatwe wakiwa wazima, waseme fedha za watu ziko wapi.