Mikeka ya yoga ya Kampala: ahimsa, yaani kutodhuru, huanzia kwa muuzaji

Kampala utakuta aina tatu: mkeka wa plastiki ya PVC, wa mpira asilia, na huu wetu wa ukindu ambao Waganda huuita mukeka. Wauzaji watakusifia unene na rangi. Sisi tumeipima kwa yama, zile kanuni tano za maadili ambazo Patanjali, mwandishi wa Yoga Sutra, aliziweka kabla ya asana (mikao ya mwili), ingawa madarasa mengi huziruka.

Yoga Sutra (2.34) inataja njia tatu za kudhuru: kutenda, kutendesha na kuridhia. Hiyo ya tatu ndiyo inayomkuta mnunuzi. PVC ni rahisi kuliko yote, haiogopi maji wala jua sana, na kwa mazoezi ya kusimama inatosha. Tatizo ni inapochakaa. Ikichomwa nyuma ya nyumba hutoa haidrojeni kloridi, gesi inayowasha macho na koo, na jirani ndiye anayeivuta. Isipochomwa, inakwenda jaani. Jaa la jiji, Kiteezi, liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30; ule mlima ulijengwa na takataka za jiji zima, kidogo kidogo.

Mpira asilia unashika sakafu na viganja vizuri kuliko yote, ila hapa ndipo satya, yaani ukweli, inapohitaji mizani. Mkeka wa mpira wa sm 173 kwa 61, unene wa mm 4 hadi 5, una uzito wa kilo 2 na zaidi. Ukiambiwa ni mpira halisi na unaunyanyua kwa vidole viwili, hiyo ni povu ya plastiki. Unene nao pima kwa rula ukingoni bila kubonyeza, maana kibandiko hakina macho. Usiuanike juani: mpira hukauka, ukapasuka na kumwaga unga. Futa kwa kitambaa chenye maji, uutundike kivulini. Mwenye mzio wa mpira asiuguse kabisa.

Mukeka ndio tunaoupenda, na ndio unaonunuliwa vibaya. Uinue uelekee mwanga: kili, yaani zile tepe zilizosukwa kisha zikashonwa pamoja, zisiachiane wala kuonyesha nyuzi zilizolegea. Sugua sehemu yenye rangi kwa kitambaa kilicholowa. Kikitoka chekundu, jasho lako litaihamishia rangi hiyo kwenye nguo. Halafu bei. "Nnyabo, salako," mama, punguza kidogo, ni salamu ya soko na haina ubaya. Ubaya ni kumkaba msukaji jioni kwa sababu umeshaona anataka kuwahi taksi. Asteya, kutoiba, haiishii kwenye mfuko wa mtu, inagusa na kazi yake: majani yamekatwa, yamekaushwa, yamechanwa, yametiwa rangi, ndipo yakasukwa. Sutra 2.33 ina dawa ya wazo baya, kuliwekea wazo la kinyume chake. Hesabu kili kwanza, kisha utaje bei yako.

Kwa pranayama (mazoezi ya pumzi) na kukaa, ukindu hauna mpinzani. Kunja leso uiweke chini ya nyonga ili magoti yashuke. Kwa kusimama juu ya vigae unateleza, na goti litakalopata ajali ni lako. Ahimsa inakuhusu wewe pia. Usiuloweke, kwani ukungu huanzia kwenye mishono. Ukunje kwa kuviringisha, maana ukindu mkavu huvunjika kwenye mkunjo.

Hukumu: anayeanza leo anunue mukeka kwa kukaa, na mpira kama anafanya salamu za jua (mikao inayofuatana) kila siku. Mwenye PVC asiutupe ili aonekane msafi wa mazingira, hiyo si aparigraha, yaani kutojilimbikizia vitu, ni ununuzi wa pili. Autandike chini ya mukeka: PVC inashika kigae, ukindu unatulia juu yake, na ule utelezi unakwisha.