Silika jeli ya punje za rangi ya chungwa: nzuri kwa poda za dawa, mradi usiitume kukausha

Kwa anayetunza poda za dawa Mombasa, Tanga au Unguja, silika jeli hii, yaani punje zinazonyonya unyevu wa hewa, inastahili fedha yake. Kazi yake ni kulinda ukavu uliopo. Poda iliyokwisha kunywa unyevu haitaiokoa, na lawama nyingi zinazoiangukia zinatokana na kutarajia hivyo.

Tupige hesabu. Hewa inayojaa ndoo tupu ya lita 20, kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ina nusu gramu hivi ya mvuke. Silika hubeba karibu moja ya tano ya uzito wake huku hewa ya ndani ikibaki kavu, kwa hiyo gramu 50 hubeba kama gramu 10. Zinatosha na kubaki. Lakini kilo 5 za wanga wa mahindi wenye maji asilimia 14 zina gramu 700 za maji! Wanga huo upite kwanza kwenye oveni, upoe ndani ya chombo kilichofungwa, ndipo silika iingie.

Ukipuuza hilo, utando wa maji huunganisha chembe na chembe, poda inasita kwenye faneli ya mashine ya vidonge, inashuka kwa mafungu, na uzito wa vidonge unayumba. Ili kujua kama poda inatiririka vizuri, mimina gramu 100 kwenye silinda ya mililita 250, soma ujazo, kisha igongegonge mpaka poda isishuke tena. Ikitoka mililita 200 hadi 150, imepungua kwa asilimia 25. Ikizidi hapo, mtiririko ni mbovu.

Aina hii ya chungwa, inayogeuka kijani ikishashiba maji, ni rahisi kuifufua: itandaze kwenye trei kwa tabaka jembamba, nyuzi 110 hadi 120, saa mbili. Joto likizidi, rangi huharibika na hutajua tena imeshiba au la. Ile ya buluu tusiipendekeze kabisa kwenye chumba cha dawa, kwani kobalti kloridi iliyomo inahusishwa na saratani.

Udhaifu mkubwa wa silika ya chungwa ni vifuko vyake vya karatasi. Kikipasuka ndani ya poda, bechi nzima ni ya kutupwa. Nunua vifuko vya kitambaa kigumu, uvifunge chini ya kifuniko visiguse poda.

Usiweke silika nyingi kwenye kapsuli tupu za jelatini ngumu. Zinahitaji maji asilimia 13 hadi 16. Zikikauka zaidi hupasuka wakati wa kujaza. Hata poda yenyewe ikikauka kupita kiasi hupata chaji ya umeme tuli na kung'ang'ania kuta za faneli, basi weka higrometa (kipima unyevu) ndogo ndani ya ndoo. Silika ikigeuka kijani mapema kuliko kawaida, kagua mpira wa kifuniko kabla ya kununua nyingine.